Mwalimu Asiyetuhesabu

Mwalimu wetu wa Hisabati hakuwahi kutuhesabu. Walimu wengine wakiingia darasani walifungua rejista na kuita majina, sisi tunaitikia niko, niko, niko, mpaka dakika kumi zimekwisha. Yeye alisimama mlangoni, akatutazama mara moja kama mtu anayeangalia mvua inatokea upande gani, akasema, "Buya hayuko. Hadija hayuko. Na yule wa dirishani, mguu wake bado?" Kisha akageukia ubao. Hakukosea. Katika miaka yote niliyokaa mbele yake alikosea mara moja tu, na mara hiyo aliyekosekana nilikuwa mimi.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hakutuambia na sisi hatukuuliza. Tulijua ni Muorma, watu wake ni watu wa ng'ombe, na likizo ikifika alivuka Garsen akapotelea nyandani mpaka shule ifunguliwe. Sisi ni Wapokomo wa Kinakomba, ila baba alihamia Idsowe kulima kabla sijaanza shule. Naandika haya nyuma ya daftari langu la Fizikia, ambalo lilibaki na kurasa nyingi safi. Mimi si mtu wa kusema. Nikisimama mbele za watu ulimi unakauka. Hapa kwenye daftari hakuna anayenitazama.

Lile jambo la kutohesabu tulilijua siku Buya alipomuuliza swali la upuuzi. Buya ni kijana ambaye mdomo wake haujui kufunga. Tulikuwa kidato cha pili, tunafanya milinganyo, mara akainua mkono.

"Mwalimu, wewe una ng'ombe wangapi?"

Nusu ya darasa ikacheka. Nusu nyingine, wale wa kutoka mabomani, wakatazama chini. Habone, rafiki yangu wa mabomani niliyekaa naye, alinyoosha mguu akamkanyaga Buya chini ya dawati. Mwalimu aliweka chaki mfukoni.

"Buya, nyumbani kwenu mko watoto wangapi?"

"Saba, mwalimu."

"Umewahesabu leo asubuhi?"

"Aa, kwani lazima? Najua tu."

"Basi na mimi najua tu."

Halafu akatueleza, na alieleza kwa upole ambao hatukuuzoea kwake. Alisema mama yake alimfunza kwamba kiumbe hai hahesabiwi, si mtu si ng'ombe, maana ukihesabu vilivyo hai unamsaidia yule anayetafuta cha kupunguza. Jioni mifugo ikirudi, mtu anasimama langoni mwa boma, inapita, na wa mwisho akishaingia anajua kwamba ndama yule mwekundu mwenye sikio lililokatika amebaki mtoni. Hakuna namba iliyotajwa.

"Usiniambie wako wangapi," alisema. "Niambie yupi hayuko. Hisabati ni hiyo. Ile nyingine ni ya mwenye duka."

Buya akanong'ona, "Na kama wawili wanafanana?"

Mwalimu alimsikia. "Hakuna wawili wanaofanana. Kuna mtu asiyeangalia."

Chini ya kila ukurasa wa rejista pana kisanduku cha jumla. Yeye alikiacha wazi, kiranja akakijaza. Na kwa kuwa ndiye aliyesimamia mambo ya mitihani shuleni, kila fomu iliyopita mikononi mwake ilikuwa vivyo hivyo: majina yote kwa mwandiko mzuri uliolala, kisanduku cha jumla kitupu. Karani wa ofisi alishazoea. Alihesabu majina aliyoyakuta, akaandika.

Alivaa makubazi ya tairi, suruali iliyopigwa pasi, na shati lenye mfuko mweupe kwa vumbi la chaki. Alikuwa na fimbo ya kuonyeshea ubaoni, na sikumwona akimpiga nayo mtu. Ulimi ndio uliokuwa kiboko chake. Msichana mmoja alisahau kanuni ileile mara ya tatu, akaambiwa, "Kichwa chako ni daraja la Garsen, wote wanapita, hakuna anayelala." Mvulana aliyenakili jibu la mwenzake akaambiwa asimame amshukuru mwenzake kwa kumlea. Chai yake ya maziwa aliibeba kwenye chupa ya buluu, na alipoimimina wakati wa mapumziko tulijua hatakiwi kusemeshwa. Wasichana alituita intala, ambalo kwao ni neno la kumwita binti. Mimi nililipenda. Lilinifanya nisihitaji kuitwa jina mbele ya darasa.

Alichukia kikokotoo, lakini saa yake ya mkononi ilikuwa ile ya zamani yenye vitufe vya kukokotoa, vyote vimekufa. Alituambia mtu anayejua jambo akanyamaza ni mwizi, lakini wenzake walimwita bwana Haya, kwa sababu kwenye mikutano ya walimu hakufungua kinywa. Nadhani ndiyo maana niliamini kwamba ananielewa. Sasa sijui. Watu wawili wanyamavu wakikaa pamoja, kila mmoja anadhani mwenzake amesikia.

Mwisho wa kidato cha pili tulipewa karatasi za kuchagua masomo. Hisabati, Kiingereza na Kiswahili ni lazima. Mengine unaweka alama. Nilikwenda nayo nyumbani. Mama alitaka Biolojia, niwe muuguzi, avae mtu nguo nyeupe katika ukoo wetu naye amwone. Baba aliisoma orodha polepole, kidole kikitambaa chini ya maneno, akafika kwenye Kilimo akacheka mpaka akakohoa.

"Yaani kuna mtu ameajiriwa kumfunza mtoto wangu kupanda ndizi?"

"Ni somo, baba. Lina mtihani."

"Njoo kesho shambani. Mtihani nitatunga mimi."

Mimi nilitaka Fizikia. Mwalimu alishatuambia wazi: anayetaka kwenda chuo kikuu kusomea shahada ya Hisabati, Hisabati yenyewe, asiende bila Fizikia mkononi. Wataangalia alama yako ya Hisabati, halafu macho yao yatashuka kwenye Fizikia, na wasipoiona watafunga faili. Shahada hiyo nilikuwa naitaka tangu kidato cha kwanza, na sikuwa nimemwambia mtu, hata Habone. Niliweka alama kwenye kisanduku cha Fizikia kwa penseli, ndogo mno, kama ninaiba.

Kesho yake mwalimu alinisimamisha kwenye baraza. Karatasi yangu alikuwa nayo.

"Hii alama ulimwogopa nani?"



Akatoa kalamu, akapita juu ya alama yangu kwa wino mpaka karatasi ikabonyea. "Intala, ukitaka kitu, kiandike kwa wino. Penseli ni ya mtu anayesubiri kukatazwa."

Mwalimu mkuu hakutaka Fizikia iendelee. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu moja na bomba lililokauka, na tulioomba tulikuwa watano. Kwenye mkutano wa wazazi, ile mara pekee ninayojua alisema mbele ya watu, mwalimu wetu alisimama na kusema, "Nitafundisha watakaokuja. Wasipokuja nitafundisha meza." Akaketi. Tukaachiwa Fizikia. Tulikaa upande mmoja wa ile meza, benchi moja, mimi mwisho kabisa karibu na ukuta. Mahali pangu palikuwa hapo kwa mwaka mzima, na mara nyingi nafikiri alichokifahamu ni mahali, si mimi. Lakini hilo huwa nalifikiri nikiwa na hasira, na hasira yangu haina haki ya kuwa hapa.

Jumatano baada ya vipindi alinifundisha peke yangu, mlango wazi, na Habone akisubiri nje akisuka mkeka wa ukili. Aliiita kazi hiyo kujiandaa. Alisema wengi wanadhani kuomba shahada ni kujaza fomu, kumbe fomu ndiyo ya mwisho, mtu anajiandaa akiwa bado ana muda wa kukosea. Maswali yake hayakuwa na hesabu za kukokotoa. Siku ya kwanza alimwaga makoma mezani, yale matunda makavu ya mkoma.

"Weka moja. Ongeza matatu. Ongeza matano. Ongeza saba. Una mangapi?"

"Kumi na sita."

"Nne mara nne. Ukiongeza tisa?"

"Ishirini na tano. Tano mara tano."

"Itaendelea hivyo mpaka lini?"

"Daima?"

"Nani amekwambia?"

Nilikaa na yale makoma mpaka jua likageuka rangi. Kisha nikayapanga mraba, na nikaona kila kundi jipya linakaa pembeni kama ukuta wa pande mbili unaouzunguka mraba wa zamani, na ukuta huo lazima uzidi ule wa ndani kwa mawili. Niliona. Sikuamini kwa sababu ya kuambiwa. Nikainua uso, naye alikuwa anatazama dirishani ili nisimwone anavyofurahi.

"Umepata," alisema. "Sasa andika kwa nini haiwezi kuwa vingine. Huko unakokwenda hawatakuuliza jibu. Watakuuliza kwa nini haiwezi kuwa vingine."

Wiki tatu nzima tulikuwa kwenye swali moja: kwa nini hakuna sehemu ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata mbili. Alikataa kunionyesha. Alisema, "Chukulia ipo. Mfuate huyo mwongo taratibu, usimkatize, atajifunga mwenyewe." Alipojifunga nililia kidogo, nikajisingizia vumbi.

Mara moja tu nilimuuliza jambo. "Mwalimu, wewe mbona hukusomea Hisabati yenyewe?"

Alifunga chupa yake ya chai. "Siku fomu zinakusanywa nilikuwa na ng'ombe, upande wa Chara. Ulikuwa mwaka wa ukame. Kaka yangu akanijazia, akaandika ualimu kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua. Niliporudi, mambo yamekwisha."

"Hukwenda kuwaambia?"

"Niliona aibu," alisema. Halafu, kwa sauti yake ya darasani, "Swali la nne."

Mvua za vuli za kidato cha tatu ndizo zilizoleta mafuriko. Mto ulivunja kingo, Idsowe ikawa maji matupu, na migomba ya baba ikalala yote upande mmoja kama watu wanaosali. Tulipandishwa kwenye ardhi ya juu kando ya barabara tukakaa kwenye mahema. Shule ilipofunguliwa kwa kidato cha nne, barabara ilikuwa bado imekatika kwetu. Nilichelewa wiki tatu.

Katika wiki hizo ndipo watahiniwa walipoandikishwa na masomo yao. Mwalimu hakuchukua orodha ya zamani akaihesabu dhidi ya mpya. Alifanya alivyofanya siku zote. Aliingia maabara, akasimama mlangoni, akatazama benchi. Benchi lilijaa. Mwisho, karibu na ukuta, mahali pangu, alikuwa amekaa msichana aliyehamia kutoka Chara muhula huohuo, mwembamba kama mimi, mtandio wa shule kama wangu, kichwa chini kama changu. Hapakuwa na pengo. Mwalimu akaandika majina yao akianzia mwanzo wa benchi. Kisanduku cha jumla akakiacha wazi. Karani akahesabu watano akaandika watano, na tungepaswa kuwa sita. Jina langu lilikuwamo kwenye masomo mengine saba, kwa hiyo hakuna mtu aliyenitafuta.

Mambo hayo alinisimulia Habone, aliyekuwapo, niliporudi, kwa kunichekesha. "Ticha mwenyewe alimwita yule mgeni intala wa ukutani! Nikasema, huyu leo macho yake yamelala."

Tulicheka. Sikujua bado.

Sasa naandika lile ambalo sijamwambia baba mpaka leo.

Orodha ilirudi ikiwa imechapishwa, ili kila mtu aangalie masomo yake atie sahihi. Tulipanga foleni nje ya ofisi. Nilipofika mezani niliona jina langu, nikaona masomo, nikaona Fizikia haimo. Niliona vizuri kabisa. Nyuma yangu watu wanasukumana. Karani alinipa kalamu.

"Tia sahihi, dada, wenzako wanangoja."

Nikatia.

Marekebisho yalikuwa wazi kwa siku mbili. Nilijiambia nitamwendea mwalimu taratibu. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kazi yake mbaya. Mtihani wa mwisho wa kidato cha tatu nilipata thelathini na moja katika Fizikia, na nikaanza kuamini kwamba ameniacha kwa kusudi, kwamba ameona sifai na ameona aibu kuniambia. Siku ya pili nilisimama nje ya mlango wa chumba cha walimu. Ndani wanacheka. Nilisikia sauti yake katikati ya vicheko, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mlango ukafunguka, akatoka na chupa yake ya buluu.

"Intala. Unamtafuta nani?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi kaa kivulini, jua kali hili."

Akapita.

Nilirudi kwenye benchi. Tulibanana sita, mimi na yule wa Chara tukagawana ukuta. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwaka nilihudhuria kila kipindi cha Fizikia nikijua sijaandikishwa. Nilifanya mazoezi yote. Alama zangu zilipanda, na alizisoma kwa sauti. Jumatano tuliendelea. Alinichorea kwenye karatasi jinsi maombi ya chuo yatakavyokuwa: chaguo la kwanza, la pili, la tatu, na kwenye la kwanza akaandika Hisabati kwa wino. Niliitikia. Ningewezaje kuacha kwenda bila kueleza kwa nini naacha? Mtu asiyeweza kusema sentensi moja mwezi wa pili, mwezi wa saba hiyo sentensi imekuwa kubwa kama nyumba.

Siku ya mtihani wa vitendo wa Fizikia alisimama mlangoni mwa maabara kutuingiza. Msimamizi, mgeni kutoka nje, alisoma namba za watahiniwa. Wenzangu wakaingia. Nikabaki mimi.

"Huyu je?" mwalimu akasema.

"Hayupo," msimamizi akasema.

"Yupo. Si huyu amesimama?"

"Hapa kwenye orodha hayupo, mwalimu."

"Hebu angalia tena."

Msimamizi akaangalia tena, akamgeuzia karatasi. Mwalimu aliisoma kuanzia juu hadi chini. Nilimwona macho yake yakifika mwisho, yakarudi juu, yakashuka tena. Kisha akainua uso akatazama benchi ndani, mpaka kwa yule msichana karibu na ukuta, na nikajua amekumbuka. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi, intala."

Mlango ukafungwa. Nilikaa kivulini.

Baba alikuja kesho yake. Baba yangu hapazi sauti nyumbani. Siku hiyo alisimama katikati ya uwanja wa shule na makubazi yake ya shambani, madirisha yote yamejaa vichwa.

"Mwalimu, nyinyi mnasifiwa hampotezi hata ndama. Mtoto wangu umempoteza mchana kweupe, darasani?"

"Ni kosa langu, mzee."

"Wa kwenu waliingia. Wangu ndiye hakuingia. Kosa hilo linajua kuchagua!"

"Sikuangalia, mzee. Kosa ni langu."

"Au ni yaleyale ya mto?"

Kila mtu kwetu anajua maana ya yaleyale ya mto: ile miaka ya wafugaji na wakulima kugombea maji na malisho, na watu waliozikwa pande zote mbili. Habone alikuwa amesimama bega kwa bega nami. Alisogea hatua moja pembeni. Hatua moja tu, lakini nilihisi upepo ukipita.

Mwalimu alikuwa ameibana faili kifuani kwa mikono yote miwili. Hakuifungua. Alisema mara ya tatu kwamba kosa ni lake, akainamisha kichwa mbele ya baba yangu, mbele ya shule nzima, mtu ambaye hakuwa anaomba radhi hata akikukanyaga. Na mimi nilikuwa hapo, hatua tano kutoka kwao. Neno moja lingetosha. "Niliona." Ndilo neno lenyewe. Ulimi ukakauka.

Tulikwenda nyumbani. Habone hajaja Idsowe tangu siku hiyo.

Matokeo yalitoka. Hisabati nilipata A, peke yangu shuleni. Mengine yalitosha. Mama alipiga kigelegele, baba akatazama karatasi kwa muda mrefu, akasema, "Na ile moja?" akairudisha. Niliuliza kama ningeweza kurudia mtihani kwa mwaka mmoja, niiongeze Fizikia. Nililiuliza hilo nikitazama jiko. Baba alisema shamba limeondoka na maji, wadogo zangu wanangoja zamu yao, na mwaka si kitu cha kurudia. Sikubishana. Asiyesema ukweli hana uzito wa kuomba mwaka.

Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa wiki ileile. Nilikwenda saiba ya Garsen, kijana wa pale akanifungulia tovuti. Nilichapa shahada ya Hisabati nione tu. Ikaja, na masomo inayotaka chini yake, na kwenye mstari wa Fizikia pakawa pekundu.

"Hii haikubali, sister," kijana akasema. "Tuweke gani?"

Nikamwambia.

Kutoka pale nilipitia shuleni kuchukua cheti cha kumaliza. Nilisikia sauti yake kabla sijafika kwenye baraza. Alikuwa kidato cha kwanza, mlango wazi. Amesimama mbele ya darasa, mkono wa kulia umenyooka, kidole kimoja mbele, kinasogea kutoka mtoto hadi mtoto.

"Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja."

Watoto wengi walikaa tu, wamezoea. Msichana mmoja wa mbele, wa kutoka mabomani nadhani, alikuwa amejifunika uso kwa mtandio kidole kilipomfikia. Sauti ya mwalimu ilikuwa ya chini na kavu, kama ya mtu anayekiri jambo polisi.

Akaniona. Kidole kikabaki hewani. Akatoka nje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, intala. Umefuata cheti."

"Ndiyo." Nikashika nguzo ya baraza. "Mwalimu, ile orodha. Kabla haijapelekwa. Niliona. Niliona Fizikia haimo nikatia sahihi."

Nilingoja jengo lianguke. Yeye alitazama uwanja.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Jioni ile ya maabara nilifungua faili. Sahihi yako iko pale. Ndogo, kama ile alama ya penseli."

"Baba alipokuja..."

"Ilikuwa ndani ya faili, ndiyo."

"Mbona hukumwonyesha? Alikutukana mbele za watu, mwalimu. Alisema yale ya mto."

Alijipangusa chaki vidoleni, kidole kimoja kimoja. "Mtu akija kwako anatafuta ng'ombe wake aliyepotea, humwambii ng'ombe aliliona lango akalipita. Kweli aliliona. Lakini aliyekaa langoni ni mimi."

Nililia, na safari hii sikusingizia vumbi. Hakunibembeleza. Ndani watoto walianza kupiga kelele.

"Umeomba nini?" akauliza.

"Ualimu. Hisabati na Jiografia."

Alitikisa kichwa taratibu, kwa muda mrefu, kama anavyofanya mtu anaposikia habari ya msiba aliyokwisha kuijua.

"Basi tuko wawili," alisema.

Akarudi ndani. Kelele zikaisha. Nilikuwa nimefika katikati ya uwanja niliposikia ameanza upya, kutoka moja.